Uso wa Mama Yake Kabagwira

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimekubali kazi ambayo ningeikataa kama ningekuwa na akili. Kaileta dada mmoja wa mtaa wa Kagugu, Kabagwira. Amejifungua binti, Jumapili wanampa jina, na siku hiyo anataka picha ya mama yake ukutani. Nikamwambia, niletee foto, nitaichora kubwa. Hana. Hata moja! Ziliungua na nyumba mwaka 94, katika yale mauaji, na mama mwenyewe hakutoka. Kabagwira alikuwa na miaka mitano. Akalelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu, lakini huyo ukimtajia habari hizo anainuka na kwenda zake.

Kwa hiyo nachora kwa kusimuliwa. Anakumbuka nini? Mwanya. Kitenge cha njano. Harufu ya maziwa. Macho je? Kasema: "Macho ya mama tu." Sasa hayo ndiyo macho gani! Nimeandika "macho ya mama" pembeni ya karatasi na kumwambia aje Jumamosi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechora na kufuta mpaka karatasi imetoboka. Naanza na mwanya, inakuja pua ya mtu wa tangazo la sabuni. Mama yangu alikuwa kwenye cherehani yake, hatua mbili kutoka kwangu, anashona sare za shule huku anaimba kaswida. Nikamtazama kupumzisha macho tu. Mkono ukaendelea wenyewe.

Uongo. Haukuendelea wenyewe. Niliona unakokwenda nikauachia.

Kufika adhuhuri nilikuwa na uso. Uso hasa! Nikautia mwanya, nikamvika mushanana, vazi lao la sherehe la kufunga begani, na kichwani urugori, lile taji la bua la mtama wanalovikwa akina mama. Mama akaja na chai, akasimama nyuma yangu. "Ala! Leila, unanivika urugori mimi? Mimi ninayesubiri kwenda Maka!" Akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema ni picha ya mtu mwingine. Akaacha kucheka. Akauliza kama aliyeiagiza anajua.

Nikamwambia chai inapoa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kabagwira kaja kuichukua. Nilimwomba mama aingie chumbani asitoke. Mtoto gani anamficha mama yake nyuma ya pazia! Akaingia.

Nilikuwa na maneno yangu tayari — dada, hili ni jaribio, kama si yeye sema, nitarudia. Sikuwahi kuyasema. Kaifunua na kupiga magoti pale pale. "Ni yeye! Mama, ni weye. Ulikuwa wapi?" Kaligusa shavu. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamganda kidoleni, naye akakunja ngumi asiifute.

Ningemwambia saa ile? Nimnyang'anye? Nikamsindikiza hadi kwenye gari. Niliporudi mama alikuwa ametoka chumbani, macho mekundu. "Ameuliza, ulikuwa wapi," akasema. "Nami nilikuwa hapo hapo, nyuma ya pazia."

Jumatatu, 11 Agosti

Kabagwira kapiga simu. Sherehe ilifana. Mtoto anaitwa Ikirezi. Asubuhi kampakata mbele ya picha: "Salimia nyogokuru." Yaani bibi yako. Na kuna jingine. Zamani akimwota mama yake, mama hakuwa na uso, kilikuwa kitenge tu kinapita. Jana kamwota. Uso upo! "Ule ule uliouchora, Leila. Imana iguhe umugisha!" Baraka za Mungu, kwangu mimi.

Nimekaa sakafuni. Watu wanasema picha ni pambo la nyumba. Nani aliwahi kuota pambo? Pale penye giza palikuwa pa mama yake, palikuwa pake, nami nimepapaka rangi. Marehemu babu alikuwa akisema mchoraji ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho picha yake. Nilikuwa namcheka. Sasa hii, nitaambiwa nini? Imeshapata roho, ya mama yangu, na kitoto kisicho na kosa kinafundishwa kuiamkia. Naona haya. Naona haya sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Niliapa leo baada ya swala nampigia. Nikaosha brashi zote, hata zilizo safi. Sikupiga.

Jumanne, 19 Agosti

Njia ya mwongo fupi! Asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni, akashuka bibi mwenye fimbo. Mama mkubwa wa Kabagwira mwenyewe. Mama Spès. Alikulia Bujumbura, Kiswahili anakijua. Mama alikuwa kwenye cherehani, hapakuwa na nafasi ya kumficha mtu. Bibi akamtazama. Akamtazama tena. "Voilà. Ndiye huyu iko ukutani kwetu."

Nilianza kulia kabla hajaniuliza. Nikasema nakwenda Kagugu leo leo, namwambia yote. Akagonga fimbo. "Hapana! Ule mwana alikuwa analala na taa inawaka, mpaka amekuwa mtu mukubwa. Sasa analala. Unataka umutoe mama mara ya pili?" Mama akamletea kiti. Bibi akakaa. "Lakini mimi namukumbuka mudogo wangu. Mdomo ndiyo ilikataa. Nikikufa, na yeye anakwenda. Chora. Mimi nasema, weye unachora."

Alhamisi, 21 Agosti

Tumeanza asubuhi, mimi na bibi. Pua ndefu. Sikio moja limekunjika. Kovu kwenye nyusi, alipigwa na ukuni utotoni. "Futa! Hakuwa mupole hivyo." Urugori hapana, marehemu alikuwa akisema unamwasha. Nikauliza mwanya. "Mwanya gani? Mwanya iko wangu." Akafungua mdomo nikauona! Kabagwira alikuwa na kipande kimoja cha uso, nacho si cha mama yake.

Mdomo ulipokaa sawa, bibi alisogea karibu. Halafu akaanza kuigombeza karatasi kwa lugha yao — nilikutumia habari uondoke, kwa nini ulibaki kwenye nyumba ile? Mama akamshika bega. Nami nilijua kwamba hatimaye nimechora kitu cha kweli, na furaha yangu ikanitia aibu.

Hapo hodi. Kabagwira! Ikirezi mgongoni, mkononi kibuyu cha maziwa cha kunishukuru. Mama akajifunika uso na mtandio. Hakuna aliyewahi kuigeuza picha. Kabagwira alishangaa kumkuta mama mkubwa, kisha akaiona. Akaisogelea. Niliomba Mungu amtambue. Niliomba pia asimtambue.

"Ni muzuri," akasema. "Ila iko na hasira kidogo. Huyu ni nani?"

Nimekimbilia jikoni, nimesingizia chai. Naandika nimesimama. Maji yamechemka zamani. Kule ndani mtoto anaguna, na Kabagwira anauliza tena, polepole sasa: "Mama mukubwa, kwa nini unalia? Huyu ni nani?"

Bibi anagonga fimbo. Ananiita mimi.