Wanataka Kumkata Neema Kimeo

Mwanangu Selina,

Unisamehe. Tangu tulipokuzika hapa Inyonga sijakuandikia hata mstari mmoja. Kalamu nilikuwa nayo. Ujasiri sikuwa nao.

Binti yako Neema ametimiza miaka miwili. Mwezi uliopita mumeo alimleta kwangu akiwa anakohoa. Alipumua haraka haraka, na kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. Mama mkwe wako alifuata nyuma kwa bodaboda, wala hakungoja kukaribishwa kiti. "Huyu ana kimeo, Mwalimu. Kikatwe leo leo."

Nilimbeba mtoto, nikaenda naye hospitali. Daktari alisema ni nimonia, akamwekea oksijeni na kumchoma sindano. Kile kinyama cha kooni alikimulika kwa tochi: kizima kabisa. Kisha akaniuliza mtoto analala wapi. Nikamjibu kwamba analala kando ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, na moshi wake unaingia mpaka kitandani. Aliandika tu.

Amepona. Sasa wanataka arudi kwao, na bibi yake hafichi kwamba akikohoa tena atamwita fundi wa vimeo na wembe wake. Nilipokataa, alinijibu mbele ya watu: "Ala! Mwalimu, mbona kwa Selina kichwa ulishika wewe?"

Nilishika. Miaka thelathini nilifundisha watoto wa watu usafi na maradhi, na ulipokohoa wewe, mwanangu mwenyewe, ukiwa tayari mama wa Neema, nilimkaribisha fundi yule sebuleni. Nilikushika kichwa, nawe ukanitazama. Ulitema damu kwenye beseni. Ulisema, "Baba, inatosha." Mimi nikasema, "Vumilia." Siku ya nne koo lilikuwa limeoza, hukuweza kumeza uji wala dawa. Homa ikapanda, kifua kikajaa...

Watu husema Mungu alikupenda zaidi. Mimi siwezi kumsingizia.

Jumapili wazee wa pande zote mbili watakaa kuamua Neema alelewe wapi. Nitaeleza yote kwa mdomo wangu, hata lile neno "vumilia". Huenda wakaniona sifai kupewa mtoto. Wampeleke watakako, mradi wembe usimguse.

Pumzika, mwanangu. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata kama nimeshindwa.

Baba yako