Kinanda cha Tata Stany Kilichorudi Chepesi

Shekina ameuma waya mwekundu kwa meno, Tata, baba yetu, na kwa mikono miwili anatafuta mahali unapoingia. Kifuniko cha nyuma cha kinanda kimeegemezwa ukutani. Mwaka umetimia tangu ututoke, na tunakuandikia haya huku kazi ikiendelea, kwa sababu hukuwa na subira na mtu anayeongea huku mikono yake imekaa bure.

Tangazo hili la kumbukumbu lilipaswa kutoka wiki iliyopita. Lilicheleweshwa na jina moja, la mdogo wako Sadrack. Hatukukubaliana kama liandikwe pamoja na yetu.

Wasiokufahamu wajue kwamba Stany Mushiya alikuwa fundi umeme wa mgodini, na siku ya kustaafu alirudi na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Ukumbi wa sinema wa wafanyakazi ulipofungwa, kinanda cha umeme kilichokuwa kikipigwa kabla ya filamu kilitupwa uani. Ukakikokota kwa pusipusi, kigari cha mkono, mpaka kwetu Dilala. Kilikuwa na safu mbili za vibonye, mbao za kukanyagia kwa miguu, na vibao vya rangi vya kuchagulia sauti: filimbi, ngoma, kengele, hata ndege. Hakuna aliyekufundisha. Ulikifungua, ukakifunga, ukakifungua tena, mpaka kikakuzoea.

Jumamosi ulikuwa hupigi kabla ya kukisafisha. Vumbi la malori huingia kila mahali hapa, na wewe ulipigana nalo kwa mswaki mkuukuu na pombe ya hospitali, kiungo kimoja baada ya kingine. Umeme uliposhuka katikati ya wimbo, sauti ilizama kama mtu anayesinzia. Hukuondoa kidole kwenye vibonye. Ulisema tu, "Mungoje, anarudia," na majirani waliokaa ngazini walingoja.

Mama alikutania: "Tata Shekina, ule unamubembeleza kupita mi."

"Ye akigonjwa hana mama wa kumulilia," ukamjibu. "We uko na mama yako kule Manika, na sauti yake inafika mpaka huku."

Ulipofariki, nyumba ilifanywa kama desturi ya kilio inavyotaka. Vyombo vya sebuleni vilitolewa nje ili wamama walale chini kwenye mikeka. Kinanda nacho kilitolewa, ingawa tangu ukiingize hakikuwahi kuvuka mlango. Waliokibeba walihema, wakakitua njiani wakapumzika. Kikafunikwa turubai karibu na jiko la nje, na sisi tukakaa kukulilia.

Baada ya mazishi tukataka kirudi mahali pake. Waliokirudisha hawakuhema. Mama aliwatazama wakipita, akajua kabla kifuniko hakijafunguliwa. Ndani palikuwa patupu. Nyaya, transfoma, hata koili za vipaza sauti, vyote vilikuwa vimekatwa na kuondolewa.

Sadrack hakuficha kwamba ni yeye aliyevitoa akauza shaba yake.

"Njo mi nilitosha. Bantu balikuya bengi, bukari ya kula ikapunguka. Mulitaka baseme Mushiya anazikwa na njala? Shaba ya mukubwa wangu ililisha bantu ya mukubwa wangu. Ubaya iko wapi?"

Mama alimuuliza tulikula nini siku ile.

"Bukari na samaki, Mama. Hata we ulikula."

Mama aliinuka. Alienda bombani akasukutua kinywa, akasukutua tena.

Tumejaribu kumwelewa. Anachimba shaba huko Mutoshi tangu ujana wake, na katika mji huu mtu hujifunza kuona shaba kabla ya kuona kitu chenyewe. Hakuichukua ili anywe. Ndiye aliyebeba jeneza lako upande wa kichwa, na ndiye aliyesimama kwenye tope mpaka kaburi likafunikwa. Lakini kila aliyekuja kukulilia aliondoka na kipande chako tumboni, akatushukuru kwa mapokezi. Wengine walisifu samaki. Hilo tumelimeza pamoja na samaki wenyewe, na halijashuka.

Tangu hapo Shekina anakijenga upya, kwa kukumbuka ulivyokuwa ukimwonyesha. Transfoma aliisuka mwenyewe. Ilipoungua, akaisuka tena. Nyaya ni za simu, nyembamba, za sokoni. Mpaka leo zinalia filimbi chache za upande wa kushoto. Ngoma hatujazipata, wala kengele. Ndege, tunafikiri, hatarudi.

Leo Sadrack amekuja, akakaa kizingitini.

"Mama, jina yangu munaandika ao hapana?"

"Tutaandika," Mama akasema. "Mulitoka naye tumbo moja. Hiyo haikatwi na koleo."

Akainuka upesi. "Basi nikamate ile waya, mutoto apumuzike."

"Pale usiguse."

"Kukamata tu, Mama."

"Nimesema usiguse, Sadrack."

Akakaa tena. Bado yuko hapo tunapoandika, ametazama nje.

Wanaokukumbuka ni mke wako, Adèle Mbuyu. Watoto wako, Shekina na Gael. Majirani wote wa ngazini. Na mdogo wako, Sadrack, ambaye jina lake limeandikwa na mkono wake bado umekatazwa.

Hakuna siku itakayopita katika nyumba hii bila kukutaja, Tata. Safu ya juu ya vibonye haina hata waya mmoja. Kesho, tukitoka kwenye misa yako, Shekina ataanza kuiunganisha, kwa noti ya kwanza.