Joto la mofa limefika chumbani kwa Mama

Ijumaa, Januari 2007. Ansab.

Mvua tangu juzi, na baridi imetushukia kutoka milimani. Leo sijali. Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi.

Nianze na aibu yangu. Kazi yangu ni kuchora njia za hewa za viyoyozi, katika karakana moja kule Rusayl. Miaka kumi na mbili nawapelekea watu ubaridi majumbani mwao, na mama yangu mzazi anatetemeka chumbani kwake.

Mama halali kitandani. Anasema kitanda ni cha wagonjwa; yeye na godoro lake, chini, juu ya marumaru. Hita ya umeme haitaki, inamkausha kifua. Basi kila baridi ikiingia anahamia Sib kwa khaloo wangu, mdogo wake. Mwaka jana alikaa huko miezi miwili na nyumba ikanishinda. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kama mtu anayesubiri gari.

Safari hii alikuwa aondoke kesho asubuhi.

Na moto tunao! Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na kule chini, kwenye ghorofa iliyozama ardhini, ndiko liliko tanuri lake la udongo la kuokea mikate ya mofa. Kila alasiri anaoka, anatoka jasho, kisha anapanda kulala kwenye baridi, juu kabisa ya moto ule ule. Miaka yote hiyo sikuliona.

Juma lililopita nikaliona. Nikachora njia ya hewa usiku mmoja, na jana Hamisi, fundi wetu wa bati, mtu wa Tanga, akaja kuifunga. Bomba la moshi tumelivisha koti la bati. Moshi unakwenda zake mpaka juu ya paa. Hewa safi inapita katikati ya bomba na koti, inapata moto, inapanda kwa njia yake mpaka chumbani kwa Mama. Nilikagua kila kiungo mara tatu, maana moshi hauna mzaha.

Jana alasiri Mama akaoka. Nikapanda mbio, nikasimama kwenye kiti, nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Joto! Nilipiga kigelegele peke yangu, mtu mzima na miwani yangu.

Mama alikaa kwenye godoro lake saa nzima, shali mabegani. Mwisho akanyoosha kidole darini, mjusi alikokuwa amejinyoosha kwa raha zake.

"Joto nnaliona, mwanangu. Limemfikia mjusi. Mie nnalala chini."

Nilitamani ardhi inimeze. Tundu tulilitoboa karibu na dari! Mimi nililichora huko na Hamisi akalikata huko, wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu maisha yetu yote tundu ni la juu: ubaridi ukitoka unashuka wenyewe. Joto halishuki. Mtoto wa darasa la nne anajua hilo. Mazoea yana taabu.

Nilimpigia Hamisi simu nikiwa nimenuna. Alicheka sana, kisha akasema atakuja baada ya sala ya Ijumaa, na kweli akaja. Ameiteremsha ile njia ya hewa mpaka shubiri moja kutoka sakafuni. Upande wa pili, karibu na mlango, ametoboa tundu jingine ili hewa ya baridi irudi chini kwenye tanuri, kwa njia yake yenyewe, nje ya koti. Bila hivyo joto lingeingia wapi, chumba kimejaa baridi?

Mama akashuka kwenye tanuri lake. Alioka kama kawaida. Baada ya Maghribi nikamkuta chumbani ameinama, kiganja juu ya marumaru, anakisogeza pole pole, hapa, pale, mpaka ukutani.

Akavua soksi. Akaniomba simu, akampigia khaloo.

"Zuwena, kesho msije kunchukua. Njoo wewe huku. Na godoro lako."

Nilitoka haraka asinione machozi.

Khaloo anakuja kesho. Chumba kile kinaenea magodoro matatu, nimepima. La tatu ni langu, nimeshalibeba mwenyewe, na nina miaka arubaini na moja. Nione haya ya nini?