Bustani Niliyoikosea

Kondele, Kisumu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa uji na kifua kimetulia, maana ukungu wa Wundanyi msimu huu naujua. Mimi ni mzima, ila joto la huku bado linanishinda. Mama naye? Aliniambia mmepanda tena viazi kule matuta ya juu. Tafadhali asibebe mizigo peke yake.

Uliniuliza mbona sijakuletea picha za bustani ya hospitali niliyokuwa nikijivunia. Nilinyamaza kwa aibu, Baba, na aibu ni ngumu kuisema kwa simu. Sasa naweza kukueleza.

Hospitali ilinipa uwanja ulio kati ya wodi mbili, palipokuwa pametupwa vitanda vibovu. Niliichora bustani ile kwa moyo wote: nyasi, maua ya duara, njia ya kokoto nyeupe, ngazi tatu, viti vya mawe. Siku ya kufunguliwa nilipigiwa makofi. Halafu miezi ikapita nisione mgonjwa hata mmoja ndani yake. Waliokaa humo ni madaktari wanafunzi wakila chakula cha mchana. Nikajiambia wagonjwa wataizoea.

Asubuhi moja nikakuta kiti cha magurudumu kimekwama kwenye kokoto. Aliyekikalia ni Mama Achieng, muuza samaki wa Dunga, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Binti yake alikuwa akisukuma mpaka jasho linamtoka. Nikashika upande wa pili, tukakinyanyua. Binti akaninong'oneza kwamba tangu mguu ukatwe mama yake hali chakula, haongei, amegeukia ukuta tu. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza ameomba kutoka nje, na njia yangu ikamkwamisha.

Nilimwomba msamaha, nikamwambia mimi ndiye niliyeitengeneza.

"Bustani yako ni mzuri," akasema. "Lakini umetengenezea watu wako na miguu mbili. Sisi tunaiangalianga kwa dirisha."

Mchana ule nikamwomba Sista Nekesa, msimamizi wa wodi, kiti cha magurudumu, nikajizungusha mwenyewe. Kwenye ngazi ya kwanza nikaishia hapo. Kisha nikalala kwenye kitanda kilichokuwa wazi, nitazame wanachokitazama wao. Baba, hata kwa dirisha hawakuwa wakiona kitu, ila tangi la maji na migongo ya viti vyangu. Mama Achieng alikuwa amenihurumia.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kamati ya hospitali nikasema nimekosea. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa jina langu. Mwenyekiti akauliza kama ninawaomba wabomoe kitu walichokisifu. Nikasema ndiyo. Akaeleza kwamba mama yake aliwahi kulazwa kwa miezi akitazama dari. Wakakubali.

Tukazoa kokoto, tukamwaga njia ya saruji inayopitisha viti viwili vya magurudumu sambamba, na penye ngazi tukaweka mteremko mdogo. Viti vya mawe tukavihamishia kivulini, na mbele ya madirisha tukapanda miti midogo ya maua. Mimi nilitaka waridi zaidi, lakini Mama Achieng akataka osuga na dek, mboga alizokulia. Basi tukajenga vitalu vya kimo cha meza, ili aliyeketi aufikie udongo. Siku ya kwanza alizamisha mkono humo akauacha. Binti yake akageuka pembeni akafuta macho. Jioni ile mama akaomba ugali mwenyewe.

Nisikudanganye, bustani haikumrudishia mguu. Kuna siku alikataa kutoka kitandani, na mara moja alinifukuza kabisa. Lakini siku nyingi nilimkuta pale aking'oa magugu, akimlaumu Sista Nekesa kwa kumwagilia mboga maji mengi.

Juzi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Akiwa tayari na magongo yake, akaona mwanamke mgeni kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa wodi, mguu umefungwa bendeji pale ulipokatwa, anaogopa kutoka. Akamwendea polepole, akamwambia jambo kwa Kijaluo. Yule mwanamke akashika magurudumu yake, akajisukuma mpaka kwenye vitalu bila kusaidiwa. Nilimuuliza Sista, anayekijua Kijaluo, Mama Achieng amemwambia nini.

"Amemwambia aende tu," Sista akasema, "njia haina shida."

Baba, sijawahi kusifiwa hivyo.

Nisalimie Mama, na Shangazi mshona nguo, na Mjomba wa kinu cha kusaga. Mwambie mdogo wangu aliye chuoni anipigie. Nitakuja Krismasi, nikijaliwa, na mbegu za dek kwa ajili ya Mama.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Wakesho