Nilimzibia Mpwa Wangu Mashimo ya Jengo Lake

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa nikwambie mapema kwamba mtaani kwetu mimi ndiye ninayeombwa, hata kinyozi akitaka kuhamisha kioo chake huniita kwanza, kwa sababu majengo marefu ya mji huu nayajua tangu yakiwa mashimo, na lile la vioo pale mjini kati halikuingiza nondo wala mfuko wa saruji bila ruhusa yangu, lori linasimama, dereva anashuka, ananiamkia, ndipo kazi inaendelea.

Sasa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anakaa kwangu na anasomea usanifu wa majengo, wakaambiwa na mwalimu wajenge modeli ya jengo la ghorofa ishirini, wawili wawili, yeye akapangwa na kijana mmoja mrefu wa miwani, wakakata kadibodi kwenye meza yetu ya chakula mpaka sisi tukawa tunakula tumepakata sahani, na sikulalamika, nilimwambia tu, "Mjomba wako yupo, ukikwama uliza," naye anacheka, "Sawa mjomba, nikikwama."

Hakukwama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana asubuhi moja wameenda darasani nikasema ngoja nikague, nikainua paa, nikachungulia, nikakuta kila ghorofa ina shimo la mraba katikati, juu hadi chini, unaiona meza! Nikasema maskini watoto, kadibodi imewaishia na wanaona haya kusema, basi nikachukua boksi la viatu vyangu, nikachomoa ghorofa moja moja, nikaziba mashimo yote kwa gundi kali, kazi safi, na kwa kuwa mimi si mtu wa nusu nusu, nikazigandisha ghorofa zisichomoke tena.

Aliporudi alipiga ukelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. "Lifti itapita wapi?" analia. "Watu watapandaje?" Nikataka kumwambia lifti inapita nje, kwa sababu niliiona kwa macho yangu haya kwenye lile jengo la vioo, ipo ubavuni inapandisha mchanga na mafundi, lakini kabla sijafungua mdomo akasema, "Aliyefanya hivi hajawahi kuingia kwenye jengo refu maishani mwake." Sasa mshauri, baada ya maneno hayo, wewe ungesema ni wewe?

Akamshuku yule wa miwani, kwa kuwa mchana alipita kuchukua rula, akampigia simu, "Uliona wivu jina langu limetangulia kwenye modeli, si ndiyo?" Kijana ameapa, amesusa, amezima simu, na mwalimu anasahihisha Ijumaa, lazima wasimame wote wawili kuieleza kazi yao, mmoja akikosekana wote wanarudia somo. Mke wangu anajua, maana vidole vyangu viwili vimegandana kwa gundi, nimevifunga bendeji nikasema nimeumia kazini, naye akinipa chai ananiuliza mbele ya mtoto, "Fundi, mkono unaendeleaje?" Nimefikiria kusingizia panya. Nifanye nini ukweli ujulikane bila heshima yangu kuguswa?

Ni mimi, Mzoefu wa Maghorofa.

MSHAURI ANAJIBU

Mzoefu, pole kwa vidole. Pole nyingine sina.

Mtu anayesimamisha malori na kuamkiwa na madereva anaitwa mlinzi wa geti. Ni kazi ya heshima, na kwa maelezo yako uliifanya vizuri. Cheo ulichojiongezea ndicho kinachokutesa. Lifti uliyoiona nje ni ya ujenzi. Jengo likikamilika inafunguliwa na kuondolewa, na mlinzi naye anahamishiwa kwingine, ndiyo maana lifti ya ndani hukuwahi kuiona. Hilo sikulaumu. Ninachokulaumu ni kukaa unakunywa chai huku kijana wa watu anabebeshwa boksi lako la viatu.

Panya mwache. Panya tunayemjua sisi hutoboa. Huyo wako anayeziba utamwonyesha nani?

Na heshima unayoilinda ni ipi? Mkeo anajua, na kwa jinsi anavyokuita fundi, nina wasiwasi hata kinyozi anajua. Amebaki mmoja tu asiyejua, na ndiye anayelia.

Gazeti hili unalisoma Jumatano. Leo hii akirudi, fungua bendeji mbele yake, mwonyeshe vidole, sema: "Ni mimi. Nilidhani lifti inapita nje." Usiongeze "lakini". Atafoka, na wewe utasikiliza mpaka amalize. Kisha nenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, kwa yule kijana, maana simu amezima, umwombe radhi kama unavyomwomba mtu mzima mwenzako. Wakikaa kukata upya, kazi yako ni kushika rula pale unapoambiwa. Maoni yakikujia, kohoa. Vidole viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivivute kwa nguvu. Na hapo pia usilete utaalamu.

Ijumaa wakishasahihishiwa, mwombe mpwa wako akupeleke kwenye lile jengo la vioo. Getini mwamkie mlinzi. Ingieni kwenye lifti, ya ndani, bonyeza namba ya juu kabisa, na mkifika mwonyeshe kwa kidole pale chini ulipokuwa unasimamisha malori. Muda wote huo ulililinda jengo lile bila kupanda. Ukirudi kwa kinyozi utakuwa na cha kusimulia, na safari hii shahidi unaye.