Jibu la Daktari Kuhusu Matiti ya Siwema

Mdogo wangu Siwema,

Pokea salamu za dada yako. Joto la Tabora linanikausha koo, na hasira zinamalizia. Nimemuuliza daktari wa Kizungu kama mumeo alivyoagiza, nesi akitafsiri huku ameinamisha uso kwa haya. Operesheni ya kuinua matiti ipo, lakini huko kwao Ulaya. Wanakulaza kwa dawa, wanakata kuzunguka chuchu mpaka chini, wanapunguza ngozi, wanashona. Utavimba wiki kadhaa. Hutatwanga, hutajitwisha maji, hutabeba mtoto. Makovu hayafutiki, na huenda usinyonyeshe tena. Nawe ukizaa mwingine, yanashuka vilevile!

Daktari akauliza, "Kwani yanamuuma?"

Nikajibu, "Hapana, yanamuudhi mumewe."

Hapo nesi akasahau haya zake: "Watoto watano wamenyonya hapo! Huyo bwana alitaka yabaki vipi?" Wanawake wote waliokuwa kwenye benchi wakaguna.

Shemeji, najua ni wewe unayemsomea mke wako kadi hii, maana yeye hakupelekwa shule. Soma kwa sauti, usiruke mstari. Bahasha nimeikataa makusudi: kadi inasafiri wazi, karani wa stesheni yenu ya Urambo ameshaisoma kabla yako, na mkewe ameshasimuliwa.

Siwema, wabusu wanangu wote watano. Nakuletea asali na kanga mpya. Utaifunga kifuani, hapohapo matiti yako yalipo.

Dada yako,
Mwajuma