Mkaza Mwanangu Anashindwa Makusudi

Mpendwa Shangazi Peris,

Nakupigia magoti unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana nyumba yangu imepoa na aliyeipoza ni mimi mwenyewe, ingawa mpaka leo sijui kosa langu ni lipi hasa. Mimi ni mjane wa hapa Kaloleni, Voi, jina langu Mwanarusi, naishi na mwanangu Harith na mkewe Aliya, binti wa watu wa Taveta, na nikuambie mapema kwamba nampenda Aliya, usije ukanidhania ni wale mama wakwe wanaosimuliwa, la, tangu aingie nyumbani mwaka juzi tunakula sahani moja.

Shida ilianza na mchezo wa televisheni. Mwanangu mdogo, Badawy, aliyeko Dubai, alituletea ile mashine ya kaseti inayochomekwa nyuma ya televisheni, yenye vishikio viwili vya kubonyeza, akidhani atacheza kaka yake, lakini Harith yuko kazini kutwa nzima, basi ikawa yetu mimi na Aliya. Ndani ya kaseti kuna kijana mwenye upanga anazunguka msituni akiokota sarafu, na kila akifika langoni anamkuta bawabu na sanduku, unampa sarafu kumi, taa inazunguka kandokando ya sanduku, unabonyeza, linafunguka, mara jiwe, mara mkate, na mara mojamoja taji la dhahabu. Tukawekeana sheria: kila siku baada ya swala ya alasiri kila mtu afungue masanduku kumi, mwenye mataji machache ndiye atakayekuna nazi na kuteka maji bombani, na tukilingana tunarudia kesho yake huku kazi tukigawana. Usiniambie hiyo ni kamari, hatukuwekeana hata senti, ni kazi tu.

Sasa marehemu mume wangu alikuwa na duka la leso, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga alama za kila leso inayotoka, vijiti vitano vitano, ili tujue ni rangi gani inakimbiliwa na ipi itakaa rafuni mpaka ififie, kwa hivyo mimi nikiona jambo linarudiarudia lazima nilihesabu. Tangu siku ya kwanza, tarehe kumi na tano Agosti, nikawa naandika nyuma ya kalenda kila sanduku, la nani na limetoa nini. Katikati ya Septemba niliteleza bombani nikateguka kifundo cha mkono wa kulia, nikafungwa bendeji, na Aliya akaniambia, "Mama, wacha nikune mimi hata upone," nikamwambia, "Sheria ni sheria. Mimi si mgonjwa, kidole gumba changu kizima, kaa tucheze." Tukaendelea, na nikawa nashinda mimi. Kila siku, Shangazi! Nikaona sasa nimeiva, nikajisifu mtaani mpaka nikawachosha watu, ndipo jirani yangu Sumayya akasema hiyo ni bahati tu, kubonyeza hakuna ufundi. Neno hilo liliniuma, nikajumlisha hesabu yangu ya siku sitini nikampelekea Mwalimu Mwandawiro, jirani yetu anayefundisha hisabati, ili aniandikie kabisa kwamba mimi ni bingwa.

Jumla ilikuwa hivi: kila mmoja wetu amefungua masanduku mia sita, mimi nimepata mataji mia moja na kumi na nane, Aliya sitini na moja. Mwalimu akaiazima mashine siku mbili, akafungua masanduku mia mbili huku amefumba macho, akapata mataji arobaini na moja. Akaniambia sanduku lile hutoa taji moja katika kila matano, kwa hivyo mimi sina ubingwa wowote, nimepata kile ambacho angepata hata mtu asiyetazama. Hilo peke yake lilinitosha, lakini hakuishia hapo. "Mama Harith, hesabu yako wewe iko sawa," akasema. "Shida ni ya huyu mwenzako. Kwa masanduku mia sita alitakiwa kuwa na kama mia moja na ishirini hivi. Akiwa na bahati mbaya sana, mia moja. Sitini na moja? Hapo hesabu imekataa." Akanionyesha kwamba ukibonyeza taa ikiwa chini kabisa ya sanduku, linatoa jiwe, alijaribu mara mia, akapata mawe mia. Akasema kushinda mtu hawezi kujipangia ila kushindwa anaweza, na huyu anashindwa makusudi.

Shangazi, Ijumaa ile nilikuwa na wanawake wa mtaani waliokuja kwenye hitma ya marehemu, na sikuweza kungoja waondoke, nikasema mbele yao wote, "Aliya, umenifanya mtoto mchanga wa kuachiwa ushindi asije akalia? Unanidharau nyumbani mwangu?" Alikuwa amesimama na sinia la mahamri. Akasema, "Mama, sikukusudia vibaya," basi, akaliweka sinia akaenda chumbani, na kesho yake akaaga kwamba anakwenda kwao Taveta wiki moja. Hii ni ya tatu. Harith haniulizi kitu, ananiamkia na kutoka, chakula anakula hotelini. Na sasa kwao Aliya wametuma salamu kwamba mwisho wa mwezi kaka yake, Fuad, anakuja kuchukua nguo zake na cherehani. Shangazi, mwanamke akishachukua cherehani harudi.

Watu wananiambia mama mkwe hamwendei mkaza mwana, ningoje aje aniombe radhi yeye aliyecheza rafu. Nami moyo wangu unamtaka, nyumba haikaliki bila yeye, lakini nimedanganywa, na hesabu ninayo. Mwalimu nilimpa jumla tu, wewe nimekunakilia kurasa zote mbili usidhani nazusha: ukurasa wa kwanza, siku thelathini za mwanzo, mimi mataji hamsini na saba, yeye hamsini na tisa, ukurasa wa pili, siku thelathini za mwisho, mimi sitini na moja, yeye mawili. Nimfanyeje mtu aliyenichezea siku sitini?

Mama Harith,
Kaloleni, Voi
3 Novemba 1996


Mama Harith,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikikukasirikia, na ninakujibu kabla hasira haijanitoka kwa sababu unaihitaji kidogo.

Siku sitini umezitoa wapi? Tazama kurasa zako mwenyewe. Ukurasa wa kwanza Aliya amekupita kwa mataji mawili. Siku hizo alikuwa akikuchezea kwa nguvu zake zote, na aliyekutuma kwenye mbuzi ya nazi akakuacha ukune ni yeye, bila huruma yoyote. Ukurasa wa pili ana mataji mawili katika masanduku mia tatu. Kati ya kurasa hizo kulitokea nini? Umeniandikia wewe, kwa mstari mmoja, ukapita mbio: uliteleza bombani ukateguka mkono. Kosa lako la hesabu ni kujumlisha, mama. Ungekuwa dukani ungechanganya leso zilizotoka wiki ya Idi na zilizotoka wiki isiyo na kitu, halafu ukasema zote ni mauzo tu? Mwalimu wa watu hana lawama, umempa jumla naye akakujibu jumla.

Hakukudharau. Anayekudharau angekunyang'anya nazi mkononi na kukwambia ukae barazani. Huyu alikuomba kwa adabu upumzike, nawe ukamsomea sheria. Ulimwachia njia gani nyingine? Akaamua kushindwa. Siku thelathini amekaa ubavuni mwako akiingoja taa ishuke chini, amekuna nazi na kuteka maji, na huku anakusikia ukitangaza mtaa mzima kwamba hajui kucheza. Jaribu wewe kuvumilia hivyo kwa wiki moja tu, uniandikie tena.

Halafu kuna yale mataji mawili, nimeyafikiria sana. Mwalimu alitafuta mawe mara mia akapata mawe mia, maana yake anayetaka jiwe hulipata. Siwezi kuapa, huenda kidole kilimponyoka. Lakini mimi naamini aliyaacha yatoke kwa hiari yake, usije ukashtuka ukajua. Mwaka wa tisa huu najibu barua za wakwe, nimesoma za sumu, za mapanga na za masufuria yaliyofichwa, na sijapata kusoma ya mama mkwe aliyepangiwa mambo kwa upendo namna hiyo. Nakuonea wivu, na sioni haya kusema.

Najua kuhurumiwa kunauma. Mimi mwenyewe goti langu limeanza kunisumbua, na mwanangu Everlyne akinishika mkono kuvuka barabara namfokea. Leo ni mkono, unaogopa kesho utaambiwa jikoni si pako tena. Hofu hiyo ni ya kweli na ni yako, lakini ukaenda kumtwika yeye mbele ya wageni wa hitma. Angeweza kujitetea kwa maneno mawili tu, "mkono wako," na wote wangemwelewa na wewe ungeaibika. Hakuyasema. Uliniuliza kosa lako ni lipi. Ni hilo.

Sasa fanya ninavyokwambia. Usingoje mwisho wa mwezi, na usimtume Harith. Yeye mwambie aache kununa hotelini, mume mzima wiki tatu hajakanyaga Taveta, anangoja nini? Panda basi wewe, kwa miguu yako. Karatasi ya mwalimu ichane na kalenda iache nyumbani, huendi kufanya mtihani. Wanaokwambia mama mkwe haendi, hakuna hata mmoja wao atakayekula na wewe sahani moja jioni. Mchukulie doti ya leso uliyoichagua mwenyewe, rangi anayoipenda unaijua, na kama huijui basi duka lile ulikuwa unapoteza muda.

Mkirudi, waite wanawake wale wale, uwaandalie chai, useme mbele yao kwamba ulikosea na ulikosea vipi. Ulimwaibisha mbele ya watu, kwa hivyo kumwomba radhi chumbani mlango umefungwa hakutoshi. Mchezo msiuache, chezeni kwa nguvu zote, ila nazi na maji viondoeni kwenye ile sheria yenu mpaka daktari aseme mkono umepona. Kabla ya hapo akuna nani? Akune Harith. Jioni ana mikono miwili na hana kazi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza ufike mlangoni kwao kabla Fuad hajatafuta gari la kubebea cherehani. Usianze kueleza mambo ya taa na masanduku, wala jinsi ulivyojisikia. Sema, "Nimekosa, mwanangu, nimekuja kukuomba turudi nyumbani," kisha unyamaze umsikilize yeye, hata akichukua asubuhi nzima. Najua kwako kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kukuna nazi kwa mkono mmoja. Mwenzako ameifanya siku thelathini.

Shangazi Peris